Je, wajua kwa nini chupa ya maji huteleza ndani ilhali hutiwa maji tu?

Chukua chupa ambayo mtoto amekwenda nayo shule wiki nzima, ingiza kidole shingoni na usugue upande wa ndani. Kuna utelezi. Chomoa ule mpira mwembamba wa kwenye mfuniko kwa ncha ya kisu, na mara nyingi utakuta weusi umejibanza chini yake, pamoja na harufu ya maji yaliyolala. Humo hamkuingia maziwa wala juisi. Yalitiwa maji, tena yaliyochemshwa. Utelezi umetoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni plastiki: chupa imezeeka, imekaa juani, imeanza kutoa sumu. Kwa jibu hilo, familia nyingi zilizoamua kwa nia njema kuacha kununua maji ya chupa huishia kutupa chupa zao za kudumu baada ya miezi michache na kununua nyingine. Jibu lenyewe si sahihi. Limekita mizizi kiasi kwamba lazima tulifumue kwanza, ndipo tufike kwenye utelezi.

Tuanze na ile namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako cha chupa. Chupa za maji ya dukani zina namba 1, na wengi huisoma kuwa ni amri: tumia mara moja. Sivyo. Namba hizo ziliwekwa Marekani mwaka 1988 na chama cha viwanda vya plastiki ili wachambuaji wa taka wajue kila chombo kimetengenezwa kwa plastiki ipi. 1 ni PET, 2 ni plastiki ya madumu mengi, 5 ni polipropilini inayotumika sana kwa vyombo vya chakula na vya watoto, na 7 ni kapu la plastiki nyinginezo. Hakuna namba hata moja kati ya hizo inayohesabu matumizi.

Kisha kuna BPA, kemikali inayotajwa karibu kila mahali panapozungumziwa chupa. BPA hutumika kutengeneza polikaboneti, plastiki ngumu inayong'aa ambayo zamani ilitumika sana kwa chupa za kunyonyeshea na hadi leo kwa mitungi mingi mikubwa ya dispensa. Wasiwasi juu yake una msingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000. Kwa hiyo ukiwa na chupa ngumu ya zamani yenye namba 7, isiyoandikwa kwamba haina BPA, usiitie maji ya moto. Lakini PET, ile plastiki laini ya maji ya dukani, haitengenezwi kwa BPA hata kidogo. Hofu ya plastiki moja imebebeshwa nyingine.

Uvumi wenyewe una historia. Mwaka 2001 mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, aliandika kwamba chupa za PET zinazotumika tena hutoa kemikali iitwayo DEHA. Kazi hiyo haikuwa imepitiwa na wataalamu wengine, lakini vyombo vya habari viliidaka, ikaingia kwenye barua pepe za kusambazwa, na miaka mingi baadaye jumbe za aina hiyo zikaenea kwenye simu zetu, zikiwa na onyo la saratani na ombi la "watumie wote unaowapenda". Mwaka 2003 maabara ya EMPA ya Uswisi ilipima maji yaliyokaa kwenye chupa za PET, zikiwemo zilizoanikwa juani, na kukuta DEHA ikiwa katika viwango vya chini sana, sawa na vinavyopatikana katika maji ya bomba yaliyo safi.

Waswisi walikuwa na sababu ya kupima. Wanasayansi wa huko wamefanya kazi miaka mingi juu ya mbinu ya SODIS, ambamo chupa ya PET isiyo na rangi, ya ujazo usiozidi lita 2, hujazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua, au siku 2 kukiwa na mawingu. Mionzi ya jua huua vijidudu. Jaribio moja maarufu lilifanyika Kenya kwa watoto wa Kimaasai na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la The Lancet: waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao ambao chupa zao zilibaki ndani ya nyumba. Yaani kitendo kile kile kinachoogopwa, chupa ya plastiki yenye maji juani, ndicho kilichowakinga watoto hao. Hili hunifurahisha kila ninapolisoma.

Haimaanishi kwamba PET haina neno. Katika kuitengeneza hutumika madini yaitwayo antimoni, na chembe zake huingia kwenye maji kadiri joto linavyopanda. Watafiti wa Arizona walionyesha mwaka 2008 kwamba katika nyuzi 60 za Selisiasi ingechukua siku 176 maji kuvuka kikomo cha Marekani cha mikrogramu 6 kwa lita, lakini katika nyuzi 80 ni siku 2 na ushei. Jua la kawaida halifiki huko. Maji yaliyotoka jikoni yanafika. Chupa yenyewe hukuonya, kwa kuwa hujikunja na kunywea ukiitia maji ya moto. Kuhusu vipande vidogo mno vya plastiki, utafiti wa mwaka 2024 nchini Marekani ulihesabu wastani wa vipande kama 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa. Vinafanya nini mwilini, sayansi bado inachunguza, na anayekupa jibu la mkato amewatangulia watafiti.

Sasa utelezi. Huo si plastiki iliyoyeyuka. Ni kitu hai, na chupa ya kioo au ya stenlesi huupata vilevile. Ni utando wa bakteria, jamii ile ile ya utando unaofanya mawe ya mtoni yateleze, na ule unaousikia kwa ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Namna unavyojengwa ni kama makazi yanavyoota kando ya barabara mpya. Siku za mwanzo hapana kitu. Anakuja mtu mmoja, anafunga turubai, anauza chai. Mgambo akipita jioni, hukunja turubai lake na kuondoka, na nyuma hapabaki alama. Asipobughudhiwa, wiki ya pili anachimba msingi na kumwaga zege. Jirani anakuja na kuegemeza chumba chake kwenye ukuta uliopo, wa tatu anaegemea wa pili, wanaachiana vichochoro vya kupitishia maji na mizigo. Kufikia hapo mgambo hawezi kitu, na kila mwezi kuna vijana wanaotoka hapo kwenda kuanzisha makazi mengine mbele zaidi.

Bakteria hufuata hatua hizo karibu moja kwa moja. Kwanza mabaki ya mate na ya vitu vilivyomo kwenye maji hujipaka kwenye ukuta wa chupa. Bakteria wanaoelea hugusa pale na kujishikiza kwa udhaifu. Katika saa hizo za mwanzo wengi wao hung'oka kirahisi. Wakiachwa, hutoa ute mzito wa sukari na protini, na huo ute ndio zege. Wengine hujishikiza juu yao, vichochoro vya maji hubaki katikati kupitisha chakula, na baadaye baadhi hujitoa na kuelea hadi kwenye kona nyingine ya chupa. Kidole chako hakigusi bakteria kama bakteria. Kinagusa ute waliojijengea. Ndani ya ute huo huvumilia dawa za kuua vijidudu kuliko wenzao wanaoelea peke yao. Ndiyo maana kutia maji kidogo, kutikisa na kumwaga, jambo ambalo wengi huliita kuosha, hakuusumbui utando hata kidogo.

Lakini maji si yalichemshwa? Yalichemshwa, na kuchemsha kuliua vijidudu vilivyokuwamo wakati ule. Hakukuweka ulinzi wowote kwa ajili ya baadaye. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa hubaki na klorini kidogo, na Shirika la Afya Duniani hushauri isipungue miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Klorini hiyo huendelea kulinda maji ndani ya chombo kwa muda. Ukichemsha, huipoteza. Kisha mtu anaweka mdomo, na kila anapomeza, mate kidogo hurudi ndani. Mililita moja ya mate huwa na bakteria takriban milioni 100. Chupa ikishinda kwenye begi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, wamepata mahali, joto na chakula.

Je, wanadhuru? Hapa lazima tuwe waangalifu. Bakteria wengi wa chupa yako wametoka kinywani mwako mwenyewe, na mtu mzima mwenye afya huishi nao bila shida. Tafiti nyingi juu ya chupa huhesabu bakteria. Zinazofuatilia ni nani aliyeugua kwa sababu ya chupa ni chache. Hatari hueleweka vizuri zaidi pale chupa inapopita midomo ya watoto watatu, au inaposhikwa kwa mikono iliyotoka chooni bila kunawa, au inapotiwa maziwa, uji au juisi kisha ikaachwa hadi jioni. Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee hawapaswi kujaribiwa.

Ukishajua utando unavyojengwa, utaona wazi kwa nini kinachoushinda ni msuguano. Brashi ya chupa yenye mpini mrefu, sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu huvunja ute. Sabuni pekee haiuvunji. Kisha chupa isimamishwe kichwa chini, mfuniko ukiwa kando, hadi ikauke kabisa, kwa sababu bakteria hawajengi pakavu. Ukiosha kila jioni unawakuta bado wapo kwenye turubai. Ukingoja Jumamosi, umekuta zege.

Mpira wa mfuniko utolewe na kusuguliwa pande zote mbili. Chupa zenye mrija ndizo korofi kuliko zote, na kama mrija hauna brashi yake nyembamba, sishauri kumnunulia mtoto chupa ya aina hiyo hata iwe na picha nzuri kiasi gani. Utando ukishakomaa, baada ya kusugua, jaza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato kwa kila lita, acha kwa nusu saa, kisha suuza vizuri sana na uanike. Hiyo ni kwa plastiki na kioo. Stenlesi ikilowekwa kwenye jiki hutoboka vitundu vidogo, kwa hiyo isafishe kwa maji ya moto na brashi. Palipo na maji ya kisima yenye chumvi, ule ukoko mweupe unaoganda ndani huyeyushwa na siki, nao ni vizuri kuuondoa kwa sababu uso wenye mikwaruzo na ukoko huwapa bakteria mahali pa kujificha. Siki na jiki visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini.

Hapa ndipo ile chupa ya PET ya dukani inapokwama, na sababu yake haihusiani na sumu. Shingo yake ni nyembamba, brashi haipiti. Haivumilii maji ya moto. Ukuta wake hukwaruzika upesi. Kuijaza tena mara chache, ikiwa safi na ya mtu mmoja, hakuna ubaya. Kuifanya chupa ya shule ya muhula mzima ndiko kusikofaa. Pia usitumie kwa maji chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa. Plastiki hushika harufu na mafuta, na watoto wameumia kwa kunywa kilichokuwa ndani ya chupa waliyodhani ni ya maji.

Kwa mazingira, hesabu iko wazi. Familia ya watu watano, kila mmoja akinunua chupa moja kwa siku 5 za wiki, hutumia chupa 1,300 kwa mwaka. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa takriban gramu 10, kwa hiyo ni kilo 13 za plastiki. Kenya imekataza chupa hizo za matumizi ya mara moja kwenye hifadhi zake tangu Juni 5, 2020. Lakini chupa moja ya stenlesi hula madini na nishati nyingi zaidi kiwandani kuliko chupa moja ya PET, na deni hilo hulipwa kwa kuitumia muda mrefu tu. Familia inayonunua chupa mpya kila muhula kwa sababu ya harufu hailipi deni, inalirundika.

Kwa hiyo unapochagua chupa dukani, fungua mfuniko kabla ya kuuliza bei. Tazama kama mkono au brashi itaingia hadi chini, kama mpira unatoka kwa kidole, na kama muuzaji ana mipira ya akiba ya saizi hiyo. Mpira huharibika miaka mingi kabla ya chupa yenyewe.