Korona ilipofunga shule, pumu ya watoto ilikwenda wapi?

Machi 2020, shule za Philadelphia, Marekani, zilipofungwa kwa sababu ya korona, ilikuwa rahisi kudhani kwamba watoto wenye pumu watafurika hospitalini. Ugonjwa ulikuwa mpya, tena wa mapafu. Kumbe ikawa kinyume chake. Katika hospitali ya watoto ya jiji hilo, wanaoletwa idara ya dharura kwa kubanwa na pumu walipungua kwa asilimia 76 ndani ya wiki chache.

Mtu atasema ni hofu, wazazi waliogopa kukanyaga hospitali. Hofu ilikuwepo: Aprili 2020 mahudhurio ya dharura kwa magonjwa yote nchini Marekani yalishuka kwa asilimia 42. Lakini haimalizi maelezo. Kliniki zilihamia kwenye simu za video, na mtoto anayehema kwa shida huonekana hata kwenye skrini. Hata hivyo steroidi za kunywa, ambazo daktari huandika mtoto anapozidiwa, ziliandikwa mara chache mno kuliko kabla. Watoto wengi walikuwa na nafuu ya kweli.

Je, ni moshi wa magari uliopungua? Vipimo vya hewa ya jiji havikutofautiana sana na vya miaka ya nyuma. Kilichopungua ni rinovirusi, virusi vya mafua ya kawaida, ambavyo watoto huambukizana darasani. Canada walikwisha kuona upande wa pili wa jambo hili: kila Septemba, wiki mbili na nusu hivi baada ya shule kufunguliwa, pumu hupanda.

Huku kwetu lawama zote hubebeshwa maji ya baridi na barafu, mafua yakaachwa yapite. Mimi ningeanza na mafua. Mtoto mwenye pumu akianza kupiga chafya, hakikisha inhela yake ya kutuliza, ile ya kufungua kifua akibanwa, ipo karibu na haijaisha. Na ile ya kuzuia, ya kila siku, msiiache eti kwa kuwa amekaa mwezi mzima bila kubanwa.

Wakati wa korona mashine za kugeuza dawa kuwa mvuke ziliepukwa kwa kuhofia kusambaza virusi, inhela yenye chemba, kopo la plastiki linaloshika dawa mtoto akiivuta taratibu, ikashika nafasi yake. Chemba ya dukani ikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa. Toboa kitako chake, tundu libane barabara mdomo wa inhela. Mtoto aweke mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, apumue kawaida mara tatu hadi tano, ndipo ubonyeze tena.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapohema, au midomo ikigeuka rangi, endeleeni kumpa dawa ya kutuliza njiani mkielekea hospitali. Msingoje pakuche.