Nia ya mwandishi ikiwekwa kando, msomaji hapewi ruhusa ya kusema lolote

"Mwandishi alishakufa, kila mtu na maana yake." Kauli hii imezoeleka mno kwenye mijadala ya mashairi na michoro, nayo hutumika kumnyamazisha anayeuliza maswali. Inasikitisha, kwa sababu walioanzisha hoja hiyo hawakusema hivyo.

Hoja yenyewe ni fupi: alichokusudia msanii moyoni mwake si kipimo cha mwisho cha maana ya kazi yake. Wanazuoni wawili wa Marekani, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, waliitetea mwaka 1946. Mhakiki Roland Barthes wa Ufaransa akaja na insha yake ya "kifo cha mwandishi" mwaka 1967.

Linalosahaulika ni kwamba mwaka 1949 Wimsatt na Beardsley walichapisha makala nyingine wakikataa pia kulipima shairi kwa hisia linazomwachia msomaji. Hawakumwondoa mwandishi kitini ili msomaji akikalie. Wote wawili walirudishwa kwenye maandishi.

Tazama walivyofanya kazi. Katika shairi la kuagana, mshairi wa kale wa Uingereza John Donne anataja mwendo wa ardhi unaoleta madhara na hofu, watu wakabaki kutafakari umefanya nini na una maana gani. Mhakiki mmoja, akijua Donne alivyovutiwa na elimu mpya ya nyota ya zama zake, akaona hapo dunia ikilizunguka jua. Wimsatt na Beardsley wakausoma mstari upya. Dunia kulizunguka jua hakuwaachii watu madhara ya kutathmini; tetemeko ndilo lifanyalo hivyo. Wasifu wa mshairi ulishindwa, na aliyeushinda si msomaji mwenye hisia zake. Maneno yenyewe ndiyo yaliyokataa.

Hata Barthes, ambaye ndiye hasa anayetajwa na wanaodai uhuru huu, anasema kuwa msomaji anayemzungumzia hana historia, hana wasifu, hana saikolojia. Huyo si mimi wala wewe na kumbukumbu zetu za utotoni.

Kwa hiyo msanii akieleza alichokusudia, tumsikilize kama mtu aliyekaa na kazi hiyo muda mrefu, kisha tumwombe atuonyeshe ni wapi katika kazi jambo hilo linaonekana. Nawe ukituletea maana yako, usiudhike tukikuomba hivyo hivyo.