Msasa wa Bunge na karatasi zinazobaki

Waandishi wa habari hapa Kenya wana msemo wao: mteule wa Rais "hupigwa msasa" na wabunge, yaani huhojiwa na kuchunguzwa kabla ya kuidhinishwa. Nimeupenda tangu siku ya kwanza. Seremala hapigi msasa gogo, anaupiga ubao ambao tayari umekatwa, ukarandwa na kuungwa ukawa meza. Msasa huondoa vibanzi, umbo haliguswi. Na ukitaka kujua kama kazi imefanyika hutazami jasho la fundi. Unapitisha kiganja juu ya meza.

Mimi ni mtu wa masjala. Nimezeekea kwenye mafaili, mihuri ya tarehe na madaftari ya barua zinazoingia na kutoka. Vikao vya msasa vinapoonyeshwa kwenye runinga, jirani zangu hutazama nani katoa jasho na nani kajibu kwa mbwembwe. Mimi husubiri ripoti. Kwangu kiganja ni kusoma viambatisho, na mara nyingi kiganja hicho hutoka na kibanzi.

Tuanzie 2011, maana humo ndimo sheria yetu ilimozaliwa. Katiba mpya ilikuwa na miezi michache tu. Mwishoni mwa Januari Rais Mwai Kibaki akataja majina manne: Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu, Githu Muigai Mwanasheria Mkuu, Kioko Kilukumi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na William Kirwa Msimamizi wa Bajeti. Wakati huo serikali ilikuwa ya mseto, na Rais alitakiwa kushauriana na Waziri Mkuu, Raila Odinga. Rais akasema tulishauriana, Waziri Mkuu akasema sikushauriwa. Mahakama Kuu ikasema uteuzi umevunja Katiba. Spika Kenneth Marende naye, tarehe 17 Februari, akaamua kwamba majina hayo hayawezi kujadiliwa Bungeni. Siku chache baadaye Rais akayaondoa.

Wanasheria huikumbuka hadithi hiyo kama ushindi wa Katiba. Mimi hukumbuka jambo dogo zaidi: nchi nzima ilibishana wiki tatu kuhusu mazungumzo ya watu wawili, kwa sababu hakuna aliyeweza kuweka mezani kumbukumbu za kikao ambazo pande zote zingezikubali. Ukikaa masjala huo ubishi unaujua. "Nilikwambia." "Hukuniambia." Faili ndiyo humaliza.

Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Uteuzi wa Umma (Idhini ya Bunge). Ukiisoma kwa jicho la mtunza kumbukumbu, utaona kwamba karibu kila hatua yake huzaa karatasi. Mamlaka inayoteua huliarifu Bunge kwa maandishi. Karani wa Bunge hutangaza kwa umma siku na mahali pa kikao, siku saba au zaidi kabla ya kikao chenyewe. Mteule hujaza dodoso refu: elimu, kazi alizofanya, uanachama wa vyama vya siasa, kodi, mali, na mahali ambapo maslahi yake yanaweza kugongana na kazi anayopewa. Mwananchi yeyote mwenye neno dhidi ya mteule anaweza kulileta kwa Karani, kwa maandishi na kwa kiapo. Kamati nayo huandikia Mamlaka ya Ushuru, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, Idara ya Upelelezi wa Jinai na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikiuliza: mtu huyu ana deni? Ana kesi?

Juu ya hayo yote kuna Kifungu cha 124 cha Katiba, kinachosema kwamba uteuzi unaohitaji idhini ya Bunge uanze kwenye kamati, pendekezo la kamati lifikishwe Bungeni, na shughuli zote hizo ziwe wazi kwa umma. Kuwa wazi kwa umma kunaeleweka na wengi kama kamera. Kamera huzimwa. Kinachobaki wazi mwaka wa tano au wa kumi ni kile kilichoandikwa.

Mfano ninaoutumia kila nikifundisha vijana ni wa Mumo Matemu. Mwaka 2011 aliteuliwa mwenyekiti wa tume mpya ya kupambana na ufisadi. Kamati ya Bunge iliyowahoji wateule wa tume hiyo haikuwataka. Sababu iliyotoa ni kwamba hawakuonyesha shauku na msukumo wa kuongoza vita dhidi ya ufisadi. Bunge zima likaikataa ripoti ya kamati na kuwapitisha wateule. Kesi ikaenda mahakamani, na Septemba 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakabatilisha uteuzi wa mwenyekiti. Walifikaje hapo? Walisoma. Walichukua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, wakachukua kumbukumbu za waliohusika, wakatafuta mahali ambapo maswali kuhusu uadilifu wa mteule yaliulizwa na kujibiwa ipasavyo, wakaona hayakuchunguzwa kwa kiwango kinachotakiwa. Julai 2013 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Matemu akashika kazi.

Waweza kukubaliana na mahakama hii au ile. Mimi nilichokiona ni kwamba kesi nzima ilisimama juu ya kurasa ambazo makarani fulani walizipiga chapa wakidhani hakuna atakayezisoma. Swali ambalo mbunge hakuliuliza siku ile likawa ushahidi kwa sababu halikuonekana kwenye Hansard. Pale kamati ilipoandika "shauku", badala ya kutaja jambo mahususi na karatasi ya kulithibitisha, ilijinyima silaha. Shauku hupimwa kwa ratili gani?

Tatizo hilo la sababu nyepesi halijaisha. Oktoba 2022 kamati ya uteuzi, inayoongozwa na Spika mwenyewe, ilimkataa Peninah Malonza aliyependekezwa kuwa Waziri wa Utalii, ikieleza kwamba hakuonyesha ujuzi wa kutosha wa masuala ya wizara aliyopewa. Tarehe 26 mwezi huo Bunge likampitisha. Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana na Rais William Ruto kulivunja baraza lake, kamati ikamkataa Stella Soi Lang'at wa wizara ya jinsia, na safari hii Bunge likakubaliana na kamati: wateule 19 kati ya 20 wakapita. Wizara mbili, miaka miwili, kamati ya aina moja, matokeo mawili. Nimezisoma ripoti zote mbili nikitafuta mizani, yaani maswali yaliyoulizwa kwa kila mteule kwa usawa na alama aliyopata. Mizani hiyo haimo. Kuna hitimisho, kuna kumbukumbu za vikao, lakini kipimo chenyewe kimebaki vichwani mwa wajumbe.

Hapa kuna siri ndogo ya kazi. Mwishoni mwa ripoti ya kamati huwa kuna ukurasa wa majina ya wajumbe na sahihi zao za kuikubali ripoti. Wasomaji wengi huuruka. Mimi huanza nao. Nani alitia sahihi, nani hakutia, na nani aliandika maoni ya kupinga? Ukiujua ukurasa huo, mijadala ya Bungeni hueleweka upesi.

Kwenye kikao kikuu mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu ya kura ya sauti. Spika huuliza, wanaoafiki husema "Ndio", wanaopinga husema "La", naye huamua kwa sikio lake upande upi umeshinda. Kwenye Hansard hubaki mstari mmoja mfupi: hoja iliulizwa na kukubaliwa. Mpiga kura wa kijijini akitaka kujua mbunge wake alimpitisha nani, atakuta ukuta. Linganisha na 18 Oktoba 2024, siku Bunge lilipoidhinisha jina la Kithure Kindiki kuwa Naibu Rais. Hapo kura zilihesabiwa: 236 za kuunga mkono, hakuna ya kupinga. Ajabu ni kwamba uteuzi ule haukupitia kikao cha kamati cha msasa, kwa kuwa Kifungu cha 149 cha Katiba kinataka Bunge lipige kura tu. Kwa hiyo tukawa na kura iliyoandikwa vizuri bila mahojiano, na kwa mawaziri wengi tunakuwa na mahojiano marefu yanayomalizikia kwenye kelele za ukumbini. Ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu, ningeanzia hapa: uteuzi wowote unaokwenda Bungeni upigiwe kura ya majina, kila mbunge aandikwe alivyopiga.

Kuhusu mali nina maoni tofauti kidogo na rafiki zangu wa mashirika ya kiraia, ambao huona kutaja utajiri mbele ya kamati ni mchezo wa kuigiza. Ni kweli kwamba mteule husema tarakimu na kwa kawaida hakuna anayempeleka kwenye hati za viwanja. Lakini tarakimu iliyosemwa hadharani huwa haifi. Mwaka 2022 Kindiki, akihojiwa kwa wizara ya usalama wa ndani, alitaja shilingi milioni 544. Alipohojiwa tena Agosti 2024 alitaja milioni 694. Wakenya walianza kulinganisha jioni ileile. Sisemi kuna kosa. Ardhi hupanda bei na biashara hukua. Nasema swali liliwezekana kwa sababu tarakimu ya kwanza ilikuwa imeandikwa mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona. Fomu za mali ambazo watumishi wa umma wamekuwa wakijaza tangu sheria ya maadili ya 2003 zimekaa makabatini, na kwa hizo mwananchi hana cha kulinganisha.

Mara nyingi watu huniuliza: nina jambo zito kuhusu mteule, nifanyeje? Ushauri wangu ni wa masjala. Usitume ujumbe wa WhatsApp kwa mbunge. Andika maelezo yako ukitaja jina la mteule na nafasi anayopendekezwa, eleza ulichokiona mwenyewe, na uliyoyasikia kwa watu uyaweke mbali. Nenda kwa kamishna wa viapo akugongee muhuri; maelezo yasiyoapiwa ni rahisi kuwekwa kando, kwa kuwa sheria inataka kiapo. Kila stakabadhi unayoambatisha ipe namba. Halafu piga nakala mbili, peleka kwa Karani wa Bunge kabla ya kikao, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako igongwe "imepokelewa" na tarehe. Niliwahi kuona, katika ofisi ambayo sitaitaja, malalamiko ya mzee mmoja yakipotea kana kwamba hayakuwahi kuandikwa. Alikuwa ameyapeleka kwa mkono, akaondoka na asante. Miezi sita baadaye asante ile haikumsaidia kitu.

Tarehe ina uzito mwingine hapa. Kamati ina siku 28 tangu Bunge liarifiwe kumchunguza mteule na kuwasilisha ripoti yake ili Bunge liamue. Muda ukiisha bila Bunge kukubali wala kukataa, kifungu cha 9 cha sheria ile ya 2011 kinahesabu kwamba mteule ameidhinishwa. Yaani kimya ni ndio! Ndiyo maana muhuri wa siku barua ya uteuzi ilipopokelewa si pambo. Siku moja ikiyumba, mtu anaweza kuwa balozi bila yeyote kuinua mkono. Ninaielewa nia ya waliotunga kifungu hicho: walihofia Bunge lingekalia majina ili kuikomoa Serikali. Bado ningependa kimya kiwe na gharama, kwa mfano Spika alazimike kusoma Bungeni taarifa ya maandishi akieleza kwa nini muda uliisha.

Rafiki zangu wa Tanzania hunicheka nikilalamika. Kwao Rais huteua mawaziri bila kupitia Bunge. Ni Waziri Mkuu peke yake anayethibitishwa kwa kura, na jina lake hufika Dodoma ndani ya bahasha, likasomwa na kuamuliwa siku hiyohiyo. "Ninyi mna ripoti, sisi tuna bahasha," mmoja aliniambia. Nikamjibu kwamba bahasha angalau haijifanyi ripoti.

Kuna faili moja nyumbani ambalo sijalimaliza. Mwaka 2015 Monica Juma, wakati huo Katibu katika wizara ya usalama wa ndani, aliteuliwa kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Kabla ya hapo alikuwa ameliandikia Bunge barua akilalamika kwamba wabunge hawaishi kupiga hodi ofisini kwake wakitaka upendeleo. Barua hiyo ikageuka kuwa kesi yake. Wabunge wakasema ni mwenye kiburi na hafikiki, na Juni wakamkataa. Mtumishi aliyefanya kile tunachowahimiza watumishi wote wafanye, yaani kuweka shinikizo kwenye maandishi, akaadhibiwa kwa karatasi yake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, 2018, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Bunge jipya likampiga msasa na kumpitisha. Nimeziweka kumbukumbu za mara zote mbili kwenye faili moja, na barua ile nimeiweka juu.