Kuandikishwa Posta kama Gazeti si leseni, wala si rejista

Juzi alinijia kijana mmoja akiwa na sampuli ya jarida la ushirika wao wa akiba na mikopo. Lilikuwa na kurasa 12, limechapwa vizuri, na chini ya jina la jarida alikuwa ameweka kwa herufi nzito maneno haya: "Limeandikishwa Posta kama Gazeti." Nilipomuuliza ameliandikisha lini na katika posta ipi, alinijibu kwa heshima zote, "Mzee, si maneno ya kuonyesha kwamba tuna ruhusa ya kuchapisha?" Hakuwa ameandikisha kitu popote. Aliyaona kwenye magazeti mengine, akayanakili. Huyu ni wa tatu mwaka huu kunijia na imani ileile, na kwa kuwa nimekaa kaunta ya magazeti na vipeto kwa miaka mingi, nimeona niandike yote mahali pamoja badala ya kuendelea kueleza kipande kipande.

Kuandikishwa Posta kama gazeti ni jambo la bei ya usafirishaji. Posta inakubali kwamba chapisho hili limetimiza masharti ya kuitwa gazeti, na kwa hiyo nakala zake zitapokelewa kwa bei ya magazeti, ambayo ni nafuu kuliko bei ya barua. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli, haimpi mhariri kinga yoyote, na haimruhusu mtu kuchapisha. Ruhusa ya kuchapisha gazeti Tanzania ni leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Namba ya ISSN nayo ni jambo la tatu: inatambulisha jina la chapisho kwa ajili ya maktaba na orodha, basi.

Anayebisha na achukue Gazeti la Serikali alisome kichwa chake. Limeandikwa: "Linatolewa kwa Idhini ya Serikali na Kuandikishwa Posta kama Gazeti." Kama kuandikishwa Posta kungekuwa ndiyo ruhusa, ya nini Serikali iandike kwanza kwamba imetoa idhini? Hapo kuna mambo mawili yaliyotoka mahali pawili: idhini ni ya Serikali, uandikishaji ni wa Posta. Ninaamini neno dogo "na" ndilo linalowaponza wasomaji wetu, kwa sababu linaunganisha mambo hayo katika pumzi moja hadi yanasikika kama tendo moja. Wenzetu wa Kenya wameyatenganisha vizuri zaidi. Katika Gazeti lao la Serikali, mstari wa kwanza unataja mamlaka ya Jamhuri ya Kenya, na chini yake, ndani ya mabano peke yake, ndipo panaposemwa kwamba limeandikishwa kama gazeti katika Posta Kuu. Mabano yale yana kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Wako pia wanaochanganya uandikishaji huu na rejista, na hawa ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu mambo hayo mawili yanakwenda kinyume kabisa. Barua ya rejista unailipia zaidi ili Posta iikumbuke: inapewa namba yake, unapewa risiti, inaandikwa kila inapokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na anayeipokea anatia saini. Gazeti lililoandikishwa unalilipia kidogo kwa sababu Posta hailazimiki kulikumbuka moja moja. Yanakuja mengi kwa pamoja, kwa siku inayojulikana, ya umbo moja, tayari yamepangwa kwa miji, na urahisi huo wa kuyashughulikia ni sababu mojawapo ya unafuu wa bei. Nakala ikipotea njiani, hakuna daftari litakaloonyesha ilipotelea wapi. Nimewahi kusimamiwa kaunta na mchapishaji aliyedai fidia ya nakala moja kwa hoja kwamba gazeti lake "limesajiliwa". Kilichosajiliwa ni jina la gazeti, wala si ile nakala.

Imani hii potofu ina asili yake, na ni haki niieleze. Uingereza ilianza kutoza magazeti ushuru wa stempu mwaka 1712, na ushuru huo ulikuwa kweli rungu la watawala, kwani ulipandisha bei hadi mtu wa kipato cha chini akashindwa kununua gazeti. Wakati huohuo, gazeti lililogongwa muhuri wa ushuru lilisafiri kwa posta bila malipo mengine. Kwa hiyo muhuri mmoja ulikuwa na sura mbili, ya udhibiti na ya usafiri. Mwaka 1855 ushuru huo ukaacha kuwa wa lazima, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 1870 magazeti yaliyoandikishwa katika Posta Kuu yakawa yanasafiri kwa nusu peni. Tangu hapo udhibiti na nauli vilitengana, na sisi tulirithi utaratibu wa baada ya kutengana.

Masharti ya Waingereza yalikuwa machache lakini makali. Chapisho lazima liwe, lote au kwa sehemu kubwa, la habari za siasa au habari nyingine, au makala kuhusu mambo ya wakati huo, liwe na matangazo au lisiwe nayo. Litoke kwa matoleo ambayo nafasi kati yake haizidi siku 7. Jina kamili na tarehe viwe juu ya ukurasa wa kwanza, na juu ya kila ukurasa unaofuata kuwe na jina hilo, lote au sehemu yake, pamoja na tarehe. Watu hudhani sharti la kila ukurasa ni urembo wa wachapaji. Faida yake niliiona kaunta: karatasi moja ikichomoka kwenye fungu, unajua mara moja ni ya gazeti gani na la lini. Nyongeza nayo ilibanwa hivyohivyo: itolewe pamoja na gazeti lenyewe, na ibebe jina na tarehe ya gazeti hilo juu ya kila ukurasa. Bila hivyo, kila mwenye duka angepenyeza orodha yake ya bei ndani ya gazeti la mwenzake.

Ufungaji nao una sababu. Gazeti hufungwa kwa ukanda wa karatasi, ncha mbili zikiwa wazi, ili karani aweze kulichomoa, alikague, kisha alirudishe bila kuchana kitu. Ukiziba kwa gundi pande zote, hiyo ni barua na utalipa bei ya barua. Ukiandika pembeni "Mama anakusalimu, tuma pesa", hiyo pia ni barua. Zamani, magazeti yaliposafiri bure Uingereza, watu walitoboa kwa sindano vitundu vidogo chini ya herufi moja moja, na aliyelipokea akalielekeza kwenye mwanga na kusoma ujumbe mzima. Ndiyo maana karani mzuri hukunjua ukurasa na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha.

Yapo ambayo sikuwahi kuyamaliza moyoni. "Kwa sehemu kubwa" ni kiasi gani? Gazeti la Serikali limejaa taarifa za mirathi, hati za ardhi zilizopotea na uteuzi wa maofisa. Mimi nasema hizo ni habari, lakini nikiletewa na mtu binafsi jarida lenye matangazo matupu ya namna hiyo, ningesita. Tena, ninaposema uandikishaji si leseni, nakumbuka kisa cha Marekani, ambako bei nafuu ya magazeti iliitwa daraja la pili chini ya sheria ya tarehe 3 Machi 1879. Mwaka 1943 Postamasta Mkuu aliliondolea jarida la Esquire daraja hilo kwa kuona yaliyomo hayana manufaa kwa umma. Hasara yake ingekuwa kama dola 500,000 kwa mwaka. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilimkatalia mwaka 1946, lakini kisa kinaonyesha kwamba anayeshika bei ya posta anaweza kulinyonga chapisho bila kugusa leseni yake, na hilo sina jibu lake jepesi.

Jarida la yule kijana hutoka kila baada ya miezi mitatu. Kwa sharti la siku 7 lisingeitwa gazeti hata kidogo. Nilimwambia aufute ule mstari, apeleke nakala zake kama machapisho ya kawaida zikiwa wazi pande zote mbili, na aende kwanza kuuliza habari ya leseni. Alitoa kalamu akaukata palepale mbele yangu, kisha akaniuliza kama namba ya ISSN nayo aikate.