MCA hajipangii mshahara

Wengi hapa Nairobi wanaamini MCA, yaani wawakilishi wa wadi, wanakaa bunge la kaunti wanajiongezea mshahara vile wanataka. Kulalamika wanaweza, kuamua hapana, juu tangu Katiba ya 2010, ibara ya 230, mshahara na marupurupu ya maafisa wa serikali, MCA wakiwemo, inapangwa na tume huru. Penye tunafaa kuangalia sana ni posho za vikao vya kamati na safari, maana kiwango kimewekwa sawa lakini jumla inategemea wamekaa mara ngapi na wamesafiri wapi, na hizo ni kodi zetu jamani! Tafuta viwango kwa Gazeti Rasmi la serikali, iko bure kwa intaneti, alafu linganisha na ripoti za matumizi ya kaunti zinazotoka kila robo mwaka.