Derivesheni na aidiali zake: mambo tunayoambizana sivyo

Vijana wa chuo wakirudi Tanga likizo, jioni tukikaa pale Raskazone stori za aljebra hazikosi, na kuna makosa nayasikia kila mwaka, yanawakosesha watu maksi bure.

La kwanza, eti derivesheni lazima iwe na limiti na grafu. Hapana jamani. Chukua ringi yoyote (mkusanyiko wa vitu unavyoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha) ambayo ab ni sawa na ba, derivesheni D inadaiwa mambo mawili tu: D(a+b)=D(a)+D(b), na D(ab)=aD(b)+bD(a). Basi. Hata D(1)=0 hupewi, inatoka humo humo, weka a=b=1 upate D(1)=2D(1).

Aidiali ni sehemu ya ringi ambayo ukijumlisha vilivyomo unabaki ndani, na ukizidisha kilichomo na chochote cha ringi unabaki ndani pia. Wengine wanadhani aidiali yoyote ni difrenshia, yaani ukipiga D kwenye kilichomo, jibu linabaki ndani. Angalia polinomia za x zenye koefishenti za Q (namba za sehemu, kama 1/2), D ikiwa ile difrensiesheni ya kawaida: aidiali (x), yaani polinomia zote zinazogawanyika kwa x, inafeli palepale maana D(x)=1 na 1 haimo. Tena humo ukitoa sifuri na ringi nzima hupati nyingine, kwa sababu ukishika polinomia isiyo sifuri yenye digrii ndogo kuliko zote kwenye aidiali, ukiidifrenshieti digrii inashuka zaidi, kwahiyo ilikuwa namba tupu tangu mwanzo. Ila D ikiwa x mara difrensiesheni ya kawaida, D(x)=x, na (x) inapita vizuri tu. Kwahiyo mtu akikuuliza aidiali fulani ni difrenshia au siyo, mwambie kwanza ataje D.

Sasa hili ndo zito: "aidiali ikiwa difrenshia, radikali yake (vitu vyote ambavyo power yake fulani imo kwenye aidiali) nayo ni difrenshia." Siyo kila mahali! Koefishenti ziwe 0 na 1 tu, 1+1=0, D ile ya kawaida. Hapo D(x²)=2x=0, kwahiyo (x²) ni difrenshia kabisa, lakini radikali yake ni (x), na D(x)=1 iko nje. Imekufa. Kinachookoa ni kuwa na Q ndani ya ringi, ndo zile zinaitwa aljebra za Ritt, kwa jina la Joseph Ritt wa Columbia University. Fuata kwa mkono, I ni aidiali difrenshia na a' ni D(a): a² imo kwenye I, basi 2aa' imo, gawa kwa 2, aa' imo. Difrenshieti tena, a'²+aa'' imo, zidisha kwa a', unapata a'³+aa'a'', kipande cha pili tayari kimo, basi a'³ imo, na a' imo kwenye radikali. Kwa aⁿ ni mwendo huohuo mpaka a' ya power 2n−1. Kule kwa 0 na 1 kugawa kwa 2 ndo hakuna, na hapo ndo inapokatika.

Na I ikiwa siyo difrenshia, msiseme D inarusha vitu popote: kilichomo kwenye Iⁿ (jumla za vitu vinavyopatikana kwa kuzidisha vitu n vya I), D yake inaangukia Iⁿ⁻¹, inapoteza power moja tu, kwa D yoyote na ringi yoyote.