Je, Wajua? Mwigizaji wa Tamthilia Anavyoshika Kurasa 30 kwa Usiku Mmoja

Aliyefuatilia The Bold and the Beautiful, Isidingo enzi zile za ITV, au Maria ya Citizen kule Kenya, hakosi kuwa amewahi kujiuliza: hawa watu wanayatoa wapi maneno yote haya? Tamthilia ya Jumatatu hadi Ijumaa haipumziki. Mama mkwe anagombana na mke wa mwanawe dakika tano mfululizo, kesho yuko hospitalini na ugomvi mwingine, keshokutwa yuko mahakamani, na hata siku moja humwoni akikwama.

Jibu linalotoka haraka vibarazani ni kwamba wanasoma. Ama kuna maandishi mbele yao, kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ama kuna mtu anawanong'oneza sikioni. Jibu hilo si sahihi kwa tamthilia nyingi za leo, lakini nyuma yake kuna historia ya kweli, na historia yenyewe ni tamu kiasi kwamba inastahili kusimuliwa kwanza.

Teleprompta, mashine ambayo siku hizi tunaihusisha na marais na watangazaji, ilizaliwa kwa shida ya mwigizaji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Fred Barton, mwigizaji wa jukwaani huko New York, alikuwa ameingia kwenye televisheni na kukuta kazi ni nyingine kabisa. Jukwaani unarudia mchezo uleule usiku baada ya usiku. Kwenye televisheni, ambayo wakati huo ilirushwa mubashara, maneno yalikuwa mapya kila mara. Barton alipeleka wazo lake kwa Irving Kahn wa kampuni ya filamu ya 20th Century Fox, na Kahn akampa kazi mhandisi Hubert Schlafly. Schlafly akachukua nusu ya sanduku la nguo, akafunga ndani yake karatasi ndefu ya kuviringisha iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akaweka mota ya kuizungusha. Desemba 1950 kifaa hicho kikatumika hewani kwa mara ya kwanza, na kilitumika kwenye tamthilia: The First Hundred Years ya CBS. Wanasiasa walifuata baadaye. Mwaka 1952 Herbert Hoover, rais mstaafu wa Marekani, alihutubia mkutano mkuu wa Republican mjini Chicago akiwa nayo.

Kwa hiyo anayesema "wanasoma" anazungumzia jambo lililowahi kuwepo. Ushahidi wake mzuri zaidi uko kwenye Dark Shadows, tamthilia ya mizimu na wanyonya damu iliyorushwa na ABC kuanzia 1966 hadi 1971. Kuhariri mkanda wa video wakati huo kulikuwa ghali, hivyo kosa likitokea mara nyingi liliachwa lilivyo. Jonathan Frid, aliyeigiza mnyonya damu Barnabas Collins, hakuwa mwepesi wa kushika maneno, na kwenye vipindi vingi macho yake yanaonekana waziwazi yakimtoka mwenzake na kutafuta teleprompta pembeni. Mashabiki walimpenda hivyo hivyo. Wapo waliouona mtazamo ule wa kupotea kama simanzi ya mhusika.

Hapo ndipo kusoma kunapokwamia. Mtangazaji wa habari anatazama kamera, na maandishi yako palepale kwenye lenzi, hivyo macho hayaendi popote. Mwigizaji anatazama mwenzake. Tamthilia ya studio hurekodiwa kwa kamera tatu au zaidi kwa wakati mmoja, kila moja ikimvizia mtu wake, na chakula kikuu cha tamthilia ni sura iliyovutwa karibu: jicho, mdomo unaotetemeka, chozi. Maandishi popote yatakapowekwa, jicho litayafuata, na mtazamaji ataliona jicho likihama.

Mexico walipata njia ya kulikwepa jicho. Katika studio za Televisa, kwa miongo mingi, waigizaji wamevaa kidude kidogo ndani ya sikio, wenyewe wanakiita apuntador. Mtu aliyeketi chumba cha mitambo anasoma mstari, mwigizaji anausikia, anausema. Kwa njia hiyo waliweza kurekodi vipande vingi kwa siku bila mtu kukesha na skripti. Lakini kina gharama yake: mwigizaji anasikiliza watu wawili, mwenzake aliye mbele na sauti iliyo sikioni, na jibu lake linaweza kuchelewa kidogo. Sisi wa Afrika Mashariki tulizipokea tamthilia hizo zikiwa na sauti za kupachikwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo kuchelewa huko tusingeweza kukusikia hata kama kulikuwepo. Ikiwa mtu ana tamthilia za Mexico akilini anaposema "wananong'onezwa", ana hoja nzuri. Tatizo ni kuichukua hoja hiyo na kuwapaka wote.

Hapa kwetu kulikuwa na njia ya tatu, ambayo haipewi heshima inayostahili. Maigizo mengi ya vikundi, vichekesho, na filamu nyingi za mwanzo za Bongo Movie hayakuwa na maneno yaliyoandikwa neno kwa neno. Mwongozaji alieleza kisa, akasema nani anamtaka nani na ugomvi uishie wapi, halafu waigizaji wakazungumza kwa maneno yao. Hakukuwa na cha kukariri. Tamthilia ndefu za sasa haziwezi kwenda hivyo, kwa sababu neno linalotamkwa kipindi cha 12 linaweza kuhitajika kama ushahidi kipindi cha 60.

Basi wanaofuata skripti wanafanyaje? Kipimo cha kazi yenyewe kwanza. Tamthilia ya Marekani ya saa moja kila siku hurekodi kurasa 80 au zaidi kwa siku, wakati filamu ya sinema huridhika na kurasa mbili tatu. Mwigizaji ambaye kisa kinamzunguka yeye anaweza kubeba kurasa 30 peke yake. Mazoezi ni mafupi, na tukio likienda vizuri mara ya kwanza hakuna mara ya pili.

Kwenye miaka ya 1990 na 2000, wanandoa wawili wa jimbo la Illinois, Helga Noice ambaye ni mwanasaikolojia na Tony Noice ambaye ni mwigizaji na mwongozaji, walichunguza jambo hili kwa karibu. Waliwapa waigizaji kurasa za mchezo wakawaomba waseme kwa sauti kila wanachokifikiria wanapojifunza. Walichokipata kinashangaza hadi leo: waigizaji hawakuwa wakikariri kama mwanafunzi anavyokariri shairi. Hawakurudiarudia maneno. Waliuliza maswali. Huyu mtu anataka nini hapa? Kwa nini anasema hivi sasa, na si dakika moja kabla? Anamtisha, anambembeleza, au anapima upepo?

Mfikirie mshenga aliyetumwa kupeleka posa. Anakaa kwa wakwe saa mbili, anazungumza sana, na hana karatasi. Hakukariri hotuba. Anajua kwanza lazima akaribishwe, kisha aeleze ametoka kwa nani, kisha alitaje jambo bila kulitaja, kisha mahari ikipandishwa aishushe bila kumkosea mtu adabu. Kila wakwe wanaposema neno, neno hilo linamwonyesha hatua ya kufuata. Ukimwamsha usiku umwambie "sema sentensi yako ya tisa," hataijua. Mweke mbele ya wazee, itakuja yenyewe kwa zamu yake.

Mwigizaji ana mzigo mmoja ambao mshenga hana: maneno si yake, na lazima yawe yale yale. Hapa ndipo uzuri wa jambo ulipo. Chukua mistari hii mitatu ya mama mkwe, niliyoitunga kwa ajili ya mfano: "Sikukatazi kuondoka. Mlango ule pale. Lakini mtoto anabaki." Ukiikariri kama maneno, ni maneno manane yasiyoshikana. Uliza kila kipande kinafanya kazi gani. "Sikukatazi kuondoka" ni kujitoa lawamani mapema, ili kesho mtoto wake wa kiume asije kusema mama alimfungia mkewe ndani. "Mlango ule pale" ni kumsukuma. Na kwa kuwa amesema "ule pale", lazima aonyeshe, kwa kidole au kwa jicho. Asingeweza kusema "mlango uko wazi", hiyo ni kauli ya ukarimu. Kisha kufuli: "anabaki". Hakusema "atabaki", kwa sababu kwake jambo hilo limeshaamuliwa. Ukifika hapo hujakariri chochote, lakini jaribu kuubadilisha mstari uone kama hautakukwaruza. Kila neno limeshikwa na sababu yake, na sababu ni rahisi kukumbuka kuliko sauti.

Utafiti wa akina Noice uligundua pia kwamba mwili unasaidia. Mistari iliyosemwa huku mwigizaji akitembea au akifanya kitendo kwenye mchezo ilikumbukwa vizuri zaidi kuliko ile iliyosemwa akiwa ametulia, hata miezi ilipokuwa imepita na hata alipoombwa aikumbuke akiwa amekaa tu. Ndiyo maana kwenye tamthilia watu hawaishi kumimina vinywaji, kupanga maua, na kutembea hadi dirishani kisha kugeuka. Mwongozaji ana sababu zake za picha, lakini mwigizaji naye anapata kigingi cha kufungia mstari: nikishika glasi, namtaja baba.

Tuweke tahadhari mbili. Utafiti huo ulihusu zaidi waigizaji wa jukwaani, wenye wiki kadhaa za mazoezi, si wale wanaopewa usiku mmoja. Ni busara kudhani kanuni ni ileile, na watu wa kawaida waliofundishwa njia hiyo nao walifanya vizuri kuliko walioambiwa wakariri. Lakini usiku mmoja unabaki kuwa usiku mmoja, na wengi huongeza mbinu za kawaida kabisa, kama kusomeana na mwenzake chumba cha kujipodoa. Pili, uaminifu kwa neno hautoshani kila mahali. Kwenye studio nyingi mwigizaji husamehewa akibadilisha neno katikati ya mstari. Asichosamehewa kirahisi ni kuharibu maneno ya mwisho, kwa sababu mwenzake anayangoja hayo ndipo aingie.

Waigizaji wengi wa tamthilia husema kwamba tukio likishapita, maneno nayo yanaondoka. Ukiwauliza jioni walisema nini asubuhi, wanabaki na kisa tu. Hilo linaendana na njia yenyewe. Mwigizaji wa jukwaani anayarudia maneno kila usiku yakazama. Huyu anayasema mara moja, na usiku huohuo kuna kurasa nyingine mezani.

Kinachobaki na kukua ni mhusika. Helen Wagner alitamka mstari wa kwanza kabisa wa As the World Turns tarehe 2 Aprili 1956, salamu ya asubuhi kwa mumewe, na aliendelea kuwa Nancy Hughes hadi alipofariki Mei 2010. Tamthilia hiyo ilirushwa mubashara hadi 1975, bila nafasi ya kurudia. William Roache yuko kwenye Coronation Street ya Uingereza kama Ken Barlow tangu Desemba 1960. Watu kama hao wakipewa ukurasa mpya, nusu ya maswali yameshajibiwa miaka mingi iliyopita: wanajua huyu mtu anamwogopa nani, anamsamehe nani, na akikasirika anapaza sauti au ananyamaza.

Ndiyo maana mzigo mzito zaidi kwenye fani hii hubebwa na anayeingia nafasi ya mwingine. Ronn Moss alikuwa Ridge wa The Bold and the Beautiful kwa miaka 25, kuanzia 1987 hadi 2012. Thorsten Kaye alipoichukua nafasi hiyo mwishoni mwa 2013, alipaswa kushika maneno ya siku kama wenzake wote, na juu yake robo karne ya ndoa, talaka na ugomvi wa kifamilia ambao yeye hakuuigiza, lakini kila mstari aliopewa ulikuwa umeuegemea.